"Mbele Yangu" na "Hapa": Lugha ya Hati Zinazothibitishwa kwa Mbali

Katika nchi zote ambamo Kiswahili chatumika mahakamani na ofisini, ziko hati ambazo hazina nguvu mpaka mtu wa tatu, asiyehusika na shauri lenyewe, aandike kwamba mwenye hati alifika kwake, akajulikana, akaapa au akakiri, na akatia sahihi yake. Hati ya kiapo ni mojawapo. Hati ya uwakala, ambayo kwayo mtu humpa mwenziwe uwezo wa kuuza au kununua kwa niaba yake, ni nyingine. Mtu huyo wa tatu huitwa mthibitishaji, na wengine humwita notari. Akiwa na madaraka ya kuapisha huitwa kamishna wa viapo. Tanzania na Kenya kazi hizo mbili kwa kawaida hufanywa na mawakili. Katika nchi zilizofuata sheria za Ufaransa na Ubelgiji, kama Kongo na Burundi, notari ana cheo kikubwa zaidi, kwa maana hati iliyoandikwa naye ni ushahidi kwa nafsi yake.

Mitambo ya siku hizi yaweza kuwakutanisha watu wawili kwa picha na sauti hali mmoja yuko Dar es Salaam na mwingine yuko Salala. Kwa hiyo nchi nyingi zimeanza kuzirekebisha sheria za uthibitisho ili kiapo kiweze kutolewa kwa mtandao. Marekebisho hayo aghalabu hujadiliwa kama jambo la mitambo na ulinzi wake. Walakini ugumu wake mkubwa umo katika maneno machache ambayo sheria imeyatumia kwa zaidi ya miaka mia: "mbele ya", "mahali", na katika hati za Kiswahili, "hapa" na "leo". Madhumuni ya makala haya ni kuyapima maneno hayo, na kuonyesha ni yapi yaweza kuhamishiwa kwenye uthibitisho wa mbali bila madhara, na ni yapi yakihamishwa yatasema uongo.

I. Asili ya maneno katika sheria

Mwaka 1889 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya makamishna wa viapo. Kifungu chake cha 5 chaamuru kwamba kila kamishna ambaye kiapo kimefanywa mbele yake aeleze kwa kweli, katika maneno ya mwisho ya hati, kiapo kilifanywa mahali gani na tarehe gani. Maneno hayo ya mwisho mawakili huyaita jurati. Amri hiyo ilivuka bahari pamoja na utawala wa Kiingereza. Imo katika sheria ya Kenya ya viapo na matamko, Sura ya 15, kifungu cha 5. Imo pia katika sheria ya Tanzania Bara ya wathibitishaji na makamishna wa viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8 katika toleo la mwaka 2019. Sentensi hizo tatu karibu ni sentensi moja.

Amri hii si pambo. Mwaka 2002, katika shauri la D.B. Shapriya dhidi ya Bish International, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kutaja mahali katika jurati ni sharti lisiloachika, na kwamba hati ya kiapo isiyotaja mahali ina kasoro. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yameitaka mahakama itazame haki yenyewe zaidi ya ufundi wa taratibu, na ukali wa zamani umepungua kidogo. Hata hivyo wakili mwenye busara hathubutu kuliacha neno la mahali. Mtu aweza kuwa na haki tele, akaikosa kwa sababu ya neno moja lililosahauliwa chini ya ukurasa.

Yafaa kuangalia sheria hiyo ilitaka nini hasa ilipotaka mahali. Kamishna wa mwaka 1889 hakuweza kumwona wala kumsikia mwapaji asiyekuwa naye chumbani. Mahali pa mwapaji na mahali pa kamishna palikuwa pamoja daima, na kwa hiyo sheria ilitumia neno hilo katika umoja bila kufikiri. Umoja huo wa kisarufi ndio uliovunjwa na mtandao.

II. Msamiati wa uthibitisho katika Kiswahili

Kabla ya kuyatazama maneno "mbele" na "hapa", ni vema kukumbuka kwamba Kiswahili kina msamiati wake wa kale juu ya jambo hili, na kwamba msamiati huo umefungamana sana na mwili wa mtu.

Kwanza ni kiapo chenyewe. Mswahili hula kiapo, au hula yamini. Yamini ni neno la Kiarabu lenye maana ya mkono wa kuume na pia kiapo. Kiapo ni neno la Kibantu, kutokana na kitenzi kuapa. Zamani neno kiapo lilitumika pia kwa jaribio la mwili, ambalo mshtakiwa alilishwa kitu au aliguswa na chuma cha moto ili ukweli ujulikane. Kitenzi kula hakikufika hapo kwa bahati tu: kiapo kiliingia mwilini mwa mwapaji, na wasimamizi wa kiapo waliutazama mwili huo.

Pili ni shahidi. Mzizi wake wa Kiarabu wabeba maana tatu pamoja: kuhudhuria, kuona, na kutoa habari ya kilichoonwa. Kiswahili kimezihifadhi mbili za mwisho katika kitenzi kushuhudia, na ya kwanza kimeiweka katika maneno ya mzizi mwingine, yaani kuhudhuria, hadhara, na hadharani. Katika sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani kwa karne nyingi, maandishi yalikuwa hasa msaada wa kumbukumbu, na uzito wa ushahidi ulikuwa katika ulimi wa mashahidi waliohudhuria. Aya ya 282 ya sura ya Al-Baqara yaamuru deni la muda liandikwe na mwandishi na kushuhudiwa. Hati za mauzo ya mashamba na nyumba zilitaja mashahidi kwa sababu hiyo: karatasi ilieleza nani aulizwe.

Tatu ni sahihi. Kiswahili kiliazima sifa yenye maana ya "iliyo kweli, isiyo na kosa" na kuifanya jina la alama ambayo mtu huiandika kwa mkono wake. Anayetia sahihi husema kwa neno lenyewe kwamba yaliyo juu ni kweli. Neno saini, lililotoka katika Kiingereza, halina maana hiyo ya ndani. Lasema alama tu. Basi si ajabu kwamba istilahi iliyokubalika kwa alama ya kompyuta ni saini ya kielektroniki. Asiyejua kuandika hutia dole gumba, na hapo mwili wake wenyewe huwa kalamu.

Nne ni muhuri na lakiri. Muhuri ni neno la Kiajemi. Lakiri ni ile nta iliyoyeyushwa juu ya barua ili ikifunguliwa ijulikane. Kati ya vyombo vyote vya kale, hiki ndicho ambacho kompyuta imekiiga kwa uaminifu zaidi. Katika saini ya kielektroniki iliyo imara, kompyuta hufanya hesabu juu ya herufi zote za hati na kupata namba moja ndefu. Namba hiyo hufungwa kwa ufunguo wa siri ambao mtiaji saini peke yake anao, na mtu yeyote aweza kuihakiki kwa ufunguo wa wazi. Herufi moja ikibadilishwa, nukta moja ikiongezwa, hesabu haitalingana tena. Ni lakiri isiyoweza kufunguliwa kwa siri.

Lakini lakiri huilinda hati baada ya kutiwa sahihi. Haisemi nani alikuwa ameshika ufunguo, wala kama alilazimishwa, wala kama alielewa alichokitia sahihi. Mambo hayo yamekuwa kazi ya shahidi tangu zamani. Kwa hiyo pana tofauti kubwa kati ya hati ya kielektroniki na uthibitisho wa mbali, na mara nyingi mambo hayo mawili huchanganywa. Sheria ya mfano ya Marekani ya mwaka 1999, na sheria ya Shirikisho ya mwaka 2000 iliyoifuata, ziliruhusu mthibitishaji atumie saini ya kielektroniki badala ya wino na muhuri wa mpira. Mwenye hati bado alipaswa kusimama mbele yake. Karatasi iliondolewa, mwili ukabaki.

III. Mbele

Neno mbele latumika kwa upana katika Kiswahili. Nyumba iko mbele ya msikiti. Shauri liko mbele ya hakimu, ijapokuwa ni jalada lililolala kabatini. Watu wote ni sawa mbele ya sheria. Na maiti amekwenda mbele ya haki. Katika mifano hiyo, wa kwanza tu ndio unaohitaji kipimo cha hatua na macho. Iliyobaki yaonyesha kwamba mbele ya fulani ni kuwa chini ya uangalizi wake au uamuzi wake. Mtu akidai kwamba Kiswahili hakiruhusu kusema "ameapa mbele yangu" juu ya mtu anayeonekana katika kioo cha kompyuta, lugha yenyewe haimuungi mkono.

Lakini neno lenye maana pana katika mazungumzo laweza kuwa jembamba katika sheria. Mfano mzuri watoka Afrika Kusini. Kanuni za nchi hiyo za mwaka 1972 zataka mwapaji atie sahihi mbele ya kamishna wa viapo. Mwaka 2021, wakati wa maradhi ya UVIKO-19, mahakama mojawapo ya Johannesburg ilikipokea kiapo kilichofanywa kwa picha ya simu kwa kuwa mwapaji alikuwa mgonjwa wa maradhi hayo. Ilisema kwamba masharti yalitimizwa kwa kiasi cha kutosha. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Pretoria iliombwa itamke jambo kubwa zaidi: kwamba "mbele ya" katika kanuni hizo hujumlisha mbele ya mtambo. Mahakama ilikataa. Iliona kwamba maana ya kawaida ya maneno hayo, yakisomwa pamoja na kanuni nyingine, ni ukaribu wa mwili, na kwamba kuibadili maana hiyo ni kazi ya mtunga sheria. Hakimu abaki na hiari ya kusamehe kasoro katika shauri moja moja, lakini mtu hawezi kuchagua njia ya mtandao kana kwamba sheria imemruhusu.

Mtunga sheria wa Florida alipita njia ya pili. Sheria yake iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020 yaeleza kwamba kufika mbele, na kuwa mbele ya mtu, ni ama kuwa karibu kwa mwili, ama kuwa mbali huku pande mbili zikiweza kuonana, kusikizana na kuzungumza kwa mtambo wa picha na sauti. Hapa neno limenyoshwa kwa amri. Njia hii ni nyepesi, maana sheria nyingine zote zenye neno hilo hurekebishwa kwa siku moja. Kasoro yake ni kwamba asomaye hati baadaye, akikuta "mbele yangu", hajui ni mbele ipi.

Njia ya tatu ni ya sheria ya mfano ya Marekani juu ya uthibitisho, ambayo baada ya marekebisho ya mwaka 2018 na 2021 yaruhusu uthibitisho wa mbali lakini yataka cheti chenyewe kiseme wazi kwamba mtambo wa mawasiliano ulitumika. Neno "mbele" halikukatazwa. Limeongezewa ushuhuda wa njia. Mtunga sheria wa Kiswahili angefaa kuanzia hapa.

IV. Hapa

Ugumu wenyewe hauko katika "mbele". Uko katika "hapa".

Hati za viapo za Kiswahili zinazotolewa Tanzania huishia kwa maneno ya namna hii: kiapo hiki kimetolewa hapa Dodoma na fulani, ambaye ninamfahamu, leo tarehe fulani, mbele yangu. Kiingereza cha sheria chasema "katika Dodoma" tu. Mfasiri aliyeongeza "hapa" aliongozwa na silika ya lugha yake, na kwa kufanya hivyo aliingiza katika hati jambo ambalo Kiingereza hakikulisema.

Wanafunzi wa sarufi wajua kwamba Kiswahili kina ngeli tatu za mahali. E.O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alizieleza vizuri: pa- kwa mahali dhahiri, panapojulikana au kuonyeshwa, ku- kwa mahali pasipobainishwa au penye upana, na mu- kwa undani. Tofauti hii huonekana katika virejeshi -po, -ko na -mo. Mtu yupo, yuko, au yumo. Methali yasema: asiyekuwapo na lake halipo. Haikusema asiyekuwako, yahusu palepale penye mgao, mahali mahususi ambapo mtu angeweza kuonekana na kuhesabiwa. Methali hiyo yaweza kuitwa sheria ya uthibitisho kwa ufupi.

Wasemaji wa leo wamekwisha kuugawa mtandao kwa ngeli hizo bila kufundishwa. Mtu aliyejiunga na kikao cha mtandao husemwa yumo, kwa kuwa kikao chafikiriwa kuwa chombo chenye ndani. Akiitwa jina hujibu "nipo", yaani nahesabika. Lakini akiulizwa uko wapi, hujibu kwa jina la mji alioketi. Mtu mmoja, kwa wakati mmoja, yumo kikaoni, yupo kwa kuhesabiwa, na yuko Salala. Lugha ambazo hutumia neno moja kwa hayo yote hazina budi kueleza kwa sentensi ndefu kile ambacho Kiswahili chaeleza kwa silabi.

Sasa kamishna wa Dar es Salaam akiandika "hapa Dar es Salaam" juu ya kiapo cha mtu wa Salala, sentensi imekuwa ya uongo kwa nusu. "Hapa" ni kweli kwa msemaji, maana neno hilo hufuata mdomo unaolitamka. Ni uongo kwa mwapaji, ambaye ndiye mtendaji wa kitenzi. Na sheria, kama ilivyoelezwa, yamtaka kamishna aeleze mahali kwa kweli. Virginia, jimbo la kwanza la Marekani kuruhusu uthibitisho wa mbali kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2011 na kuanza tarehe 1 Julai 2012, lilikata shauri kwa kusema kwamba tendo la uthibitisho hufanyika aliko mthibitishaji: yeye sharti awe Virginia, na mwenye hati aweza kuwa popote. Uamuzi huo wafaa kwa sheria, kwa maana waonyesha ni mahakama ipi yenye mamlaka. Haumwondolei mwandishi wa hati wajibu wa kutaja aliko mwapaji. Jambo hilo laweza kuwa na maana kubwa, kama vile kujua kama mwapaji alikuwa katika nchi ambamo angeweza kusema kwa uhuru.

Neno "leo" lina kasoro ile ile. Muscat iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa moja tu, na mara chache tarehe zitatofautiana. Lakini saa 2 asubuhi ya Jumanne Dar es Salaam, katika majira ya baridi ya Marekani, kalenda ya Minneapolis bado yaonyesha Jumatatu, na saa zao ni saa 5 usiku. Leo ya kamishna si leo ya mwapaji. Kiswahili chaongeza mambo mawili. Kwanza, saa za Kiswahili huanza kuhesabiwa alfajiri, hali kompyuta huhesabu tangu usiku wa manane, na kwa hiyo hati yasema saa 2 na kumbukumbu za mtambo zasema saa 8. Pili, kwa hesabu ya kale ya pwani siku huanza jua linapotua, na usiku wa Jumanne ni ule unaotangulia mchana wa Jumanne. Mzee wa Lamu aliyeko Minneapolis akisema alikula kiapo usiku wa Jumanne, huenda akawa amesema kweli, na hati ikimpinga kwa kuandika Jumatatu. Mambo haya ni madogo mpaka siku ambayo shauri la muda wa ukomo litategemea tarehe moja.

V. Yaliyomo ndani ya "mbele yangu"

Ikiwa maneno haya mafupi hayatoshi, ni vema kuyafungua na kutazama yalibeba nini. Kamishna aliyeandika "mbele yangu" katika chumba kimoja na mwapaji alikuwa akisema mambo matano kwa pumzi moja. La kwanza ni utambuzi: kwamba huyu ndiye mwenye jina. La pili ni hiari: kwamba hakuna aliyemshika mkono. La tatu ni ufahamu: kwamba aliielewa hati, na kama hakujua kusoma, alisomewa kwa lugha aijuayo. La nne ni tendo: kwamba kiapo kilisemwa na sahihi ikatiwa huku ikionwa. La tano ni mahali na wakati.

Mtambo hauyabebi matano haya kwa usawa. Tendo huonekana vizuri katika picha, na picha ikihifadhiwa yaweza kutazamwa tena na hakimu. Virginia yataka picha hiyo itunzwe kwa muda usiopungua miaka 5. Kwa jambo hili uthibitisho wa mbali umeupita ule wa chumbani, maana kumbukumbu ya wakili mwenye wateja wengi haiwezi kushindana na picha. Ufahamu nao waweza kupimwa kwa maswali. Hiari ni ngumu: kioo chaonyesha uso wa mwapaji, wala hakionyeshi aliyeketi upande wa pili wa meza. Utambuzi umekuwa mgumu kuliko yote, kwa kuwa sasa kompyuta yaweza kutengeneza uso na sauti ya mtu kwa mfano wake halisi. "Ambaye ninamfahamu" yahitaji kuambiwa: kwa uso wake tu, au kwa kitambulisho kilichohakikiwa katika daftari la serikali, au kwa mtu wa tatu anayewajua wote wawili?

Ufaransa ilitumia tahadhari nyingine. Amri ya tarehe 3 Aprili 2020 iliruhusu hati za notari zifanywe kwa mbali katika kipindi cha dharura ya UVIKO-19. Baadaye, amri ya tarehe 20 Novemba 2020 iliacha njia hiyo wazi kwa hati za uwakala, yaani kwa mtu asiyeweza kufika kumpa mwingine uwezo wa kufika. Hapo kutokuwapo ndilo jambo lenyewe la hati, na sheria imekubali kwamba asiyekuwapo aweza kuwa na lake, maadamu amemtuma mwenye kuwapo.

VI. Kazi iliyobaki kwa Kiswahili

Tanzania imekwisha kupiga hatua kadha. Sheria ya miamala ya kielektroniki ya mwaka 2015 yatambua saini ya kielektroniki na kuupokea ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi. Kanuni za mahakama za mwaka 2021 zaruhusu mashauri yasikilizwe kwa njia ya mtandao, hata shahidi aweza kuhojiwa akiwa mbali. Mwaka huo huo sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hizi zikitazamwa pamoja, pengo laonekana: shahidi aweza kula kiapo kwa mtandao mbele ya jaji, lakini mwapaji wa hati ya kiapo angali amefungwa na maneno ya mwaka 1889, na maneno hayo sasa yapaswa kuandikwa kwa Kiswahili.

Mwenye kupata hasara si wakili. Ni mtu wa Salala ambaye ndugu zake wa Tanga wamegawana shamba la marehemu baba yao, naye yambidi asafiri kama kilometa 1,000 hadi ubalozi wa Muscat ili atie sahihi hati ya kurasa mbili. Ni pia yule mwingine ambaye shamba lake laweza kuuzwa na tapeli mwenye sura ya kuazima, ikiwa mlango utafunguliwa kwa neno moja tu lililonyoshwa. Sheria yapaswa kuwalinda wote wawili, na yaweza kufanya hivyo ikiwa maneno ya hati yatasema kile kilichotendeka.

Kwanza, basi, "mbele yangu" bila nyongeza lingefaa kuhifadhiwa kwa watu walioonana ana kwa ana. Kiswahili kina usemi huo tayari, nao waeleweka na kila mtu. Pili, kwa uthibitisho wa mbali, "hapa" liondolewe, na mahali pawili patajwe kwa majina. Tatu, badala ya "leo", saa na tarehe ziandikwe kwa kufuata mji mmoja uliotajwa, pamoja na neno la asubuhi, mchana au usiku, ili hesabu ya saa isiwe na shaka. Nne, njia ya utambuzi ielezwe. Tano, lugha ambayo hati ilisomwa itajwe. Jurati ya namna hiyo yaweza kusomeka hivi:

"Mwapaji, akiwa Salala, na kamishna wa viapo, akiwa Dar es Salaam, wameonana na kusikizana kwa mtambo wa picha na sauti tarehe 4 Machi 2025, saa 3 asubuhi kwa saa za Dar es Salaam. Kamishna amemtambua mwapaji kwa kitambulisho cha taifa kilichohakikiwa. Mwapaji amesema yuko peke yake na kwa hiari yake. Amesomewa hati hii kwa Kiswahili, ameielewa, amekula kiapo na kutia saini huku akionekana. Picha na sauti zimehifadhiwa."

Ni ndefu kuliko ile ya zamani, na wakili aliyezoea mhuri wa mstari mmoja ataona uzito. Lakini kila sentensi yake yaweza kuulizwa swali mahakamani na kujibiwa ndiyo au siyo. "Mbele yangu" ya chumbani ilijibu maswali hayo kwa kimya, kwa sababu kuta za chumba zilikuwa zimeyajibu kwanza. Kuta zikiondolewa, lugha haina budi kuifanya kazi yao.

Kwa wataalamu wa lugha somo ni kwamba tafsiri ya sheria haiishi kwa kutafuta istilahi. Mtu aweza kubishana mwaka mzima kama notari ni bora kuliko mthibitishaji, na saini kuliko sahihi, na hati ikaanguka mahakamani kwa ajili ya "hapa", neno ambalo hakuna kamati ya istilahi iliyolijadili. Vitu vya ngeli, viambishi na vielezi vya wakati ndivyo vinavyobeba ahadi za kweli na uongo katika sentensi. Sheria za viapo zinapoandikwa upya kwa Kiswahili, ingefaa mwanasarufi aketi pamoja na mwanasheria, kila kiambishi cha mahali kikaulizwe: pa nani, ku wapi, mu nini.